Mkwe Nyuma ya Michongoma

Mume wangu Absalom alifariki siku ya Alhamisi, tarehe kumi Julai 2025, saa nne asubuhi, katika hospitali moja mjini Kitale. Mimi nilikuwa dukani kwangu Kimilili, nikimpimia mteja kilo mbili za mbegu za maharagwe. Simu ilipoisha nilimaliza kwanza kupima. Nilifunga mfuko, nikampa yule mama chenji yake, nikamwambia asipande kabla mvua haijatulia. Halafu nikakaa chini juu ya gunia.

Daktari alisema ni moyo. Absalom alikuwa na miaka arobaini na sita.

Nilidhani nitalia mchana kutwa, lakini kwa wiki kadhaa mwili wangu haukuelewa. Kuna miaka minne ambayo Absalom alikuwa akifanya kazi mbali, na mwili ulirudia tabia yake ya wakati ule. Ulikuwa unamsubiri tu. Jioni nilijikuta nikiweka simu kwenye chaji mapema, kwa sababu zamani alikuwa akipiga saa moja, akipata dakika.

Siku ya kunyoa nywele, siku ya tatu baada ya mazishi, watu walikaa nyumbani kwao Sirisia wakamsimulia. Kila aliyesimama alitaja meli. Mzee mmoja alisema Absalom alikuwa na meli yake mwenyewe huko Ulaya. Tulicheka wote, hata mimi. Kisha wakaniomba niseme neno, nikatikisa kichwa. Neno langu lilikuwa refu, na lilikuwa la kuchekesha mno kwa siku ile. Nimeona niliandike kabla sijaanza kulisahau.

Absalom alikuwa mpishi kwenye yoti, ile meli ya tajiri mmoja isiyobeba mizigo wala abiria wa kulipa, inabeba starehe. Alianzia hoteli za Pwani. Mgeni mmoja akapenda samaki wake, akamchukua. Tulipoona picha ya yoti hiyo, nyeupe, ndefu kama shule ya msingi, kaka yangu Wakhungu alisema, "Shemeji ameingia mbinguni bila kufa."

Mbinguni kwenyewe kulikuwa chini ya sitaha, kwenye jiko lenye dirisha moja la mviringo, kubwa kama sahani, lililokaa sawa na maji. Mle ndani Absalom alipikia wageni kumi na wawili na wafanyakazi kumi na tisa. Alianza saa kumi na moja asubuhi, akamaliza wakati wengine wanaota. Mwanzoni alikuwa na msaidizi, kisha msaidizi akaondolewa ili kupunguza gharama. Kulikuwa na mama mmoja aliyekula vitu vyeupe tu. Kulikuwa na mbwa aliyekuwa na menyu yake, kifua cha kuku kisicho na chumvi, na siku moja kilirudishwa jikoni kwa sababu mbwa hakufurahi.

"Ulijuaje hakufurahi?" nilimuuliza kwenye simu.

"Niliambiwa aliangalia pembeni."

Mpishi aliyemtangulia alikuwa na wasaidizi wawili na mshahara mara mbili ya wake. Absalom alijua hivyo kwa sababu mpishi huyo mwenyewe alimwambia siku ya kumkabidhi visu. Hakuwahi kuuliza kwa nini. Kapteni alikuwa mtu mpole, na hapo ndipo penye tabu. Hakupiga kelele hata siku moja. Alisema tu, "Absalom, wewe ni mtu wa familia." Basi likizo ikikatwa, mtu wa familia anaelewa. Mshahara ukichelewa, mtu wa familia anangoja. Kwa miaka minne sikuwahi kusikia kwamba Absalom amemwambia Kapteni hapana.

Mwishoni mwa Novemba 2022 alikuja nyumbani. Mkataba ulisema miezi miwili, hadi mwisho wa Januari. Siku tatu za kwanza alilala akiwa ameketi kwenye kochi, kidevu kifuani, viatu miguuni. Nikimgusa anasema, "Ndiyo, tayari," halafu anaendelea kulala.

Alipoamka, alianza kubandika tarehe. Kule kila chakula kinachobaki hubandikwa utepe mweupe wenye tarehe na jina, na mkono wake haukuweza kuacha. Jagi la maziwa likabandikwa. Ugali wa jana ukabandikwa. Nilikuta tarehe kwenye dawa za mama yake, kwenye sabuni, na kwenye mfuko wa chakula cha kuku dukani kwangu. Wakhungu alipotutembelea alikataa kusinzia.

"Mimi hapa silali, bana. Nitaamka nimebandikwa."

Mwuza mikate alipopita na baiskeli akapiga kengele, Absalom aliruka kutoka kitini akasema, "Mara moja!" Nilicheka sana, mpaka nikaona mikono yake. Alikuwa anaifuta kwenye aproni ambayo hakuwa ameivaa.

Na alikula akiwa amesimama. Nilimwekea meza, nikamwekea kiti, akachukua sahani akaenda kusimama karibu na karai la vyombo. Nilimpimia kwa saa ya ukutani: dakika nne.

Jumatano, tarehe kumi na nne Desemba, Kapteni alipiga simu. Wageni wa Krismasi walikuwa wameongezeka. Absalom arudi tarehe ishirini. Tiketi ingelipwa Jumamosi, kwa hiyo athibitishe kabla ya saa saba mchana siku hiyo. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikamsikia mume wangu akisema kwa Kiingereza chake kizuri, "Ndiyo, Kapteni, nitathibitisha."

"Uko na wiki sita bado," nilisema.

"Nikikataa, kesho wanapata mwingine."

"Si wapate."

"Mama Ian, na ada ya Ian utalipa na maharagwe?"

Hesabu ya duka niliijua. Lakini nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa. Alikuwa amekuwa nyumbani siku kumi na tisa, na tatu kati ya hizo alikuwa usingizini.

Jumamosi hiyo, tarehe kumi na saba, hatungeweza kukaa nyumbani tukinuniana, kwa sababu kulikuwa na sherehe kwa wazazi wangu, nje kidogo ya mji wa Kitale. Mdogo wangu Joan alikuwa anachumbiwa na Kipngeno, kijana wa Mlima Elgon, na watu wa Kipngeno walikuwa wanakuja kujitambulisha. Walisema watakuwa themanini. Mama yangu, Lenah, alikuwa ameagiza mpishi wa kukodi kutoka Webuye, mwenye sufuria kubwa na wasichana wa kugawa chakula. Ng'ombe alichinjwa alfajiri.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi. Mkwe na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawasalimiani kwa mkono, hawatazamani usoni, hawali pamoja. Na zaidi ya yote, mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Afadhali aingie kanisani na ng'ombe. Absalom na mama yangu walikuwa wameheshimiana hivyo kwa miaka kumi na saba, na nadhani kila mmoja alimjua mwenzake kwa kikohozi tu.

Kwa hiyo tulipofika, Absalom alipelekwa kwenye hema la wakwe. Walikuwa watano, wote wamevaa suti, waume zetu sisi mabinti na wa binamu zetu. Kazi ya mkwe siku kama hiyo ni kukaa, kunywa soda, na kuonekana amelishwa vizuri.

Saa tatu na nusu mpishi wa Webuye akapiga simu. Gari lake lilikuwa limeharibika, sufuria ziko barabarani, yeye analia. Saa nne Kipngeno naye akampigia Joan.

"Mpenzi, tumeanza safari. Tumeongezeka kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

"Lori la pili halijajaa."

Mama alishika kichwa. Senge Phelista, yaani shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mlango wa jiko kwa sababu ya magoti yake. Akamwita Mungu wake kwa Kibukusu, "Wele wange! Watakula michongoma." Kisha wanawake wakaanza kupika kwa hofu, na hofu haijui kupika. Wali ulitiwa maji ya kutosha kumwogesha ng'ombe. Kitunguu kilitupwa kwenye mafuta yaliyokuwa yanatoa moshi. Nyama ya ng'ombe aliyechinjwa asubuhi ile ile ilikatwa mapande kama ya kujengea.

Jikoni kwa mama kumezungushiwa ua wa michongoma, mrefu kupita kichwa cha mtu. Upande wa pili ni shamba la jirani yetu, Jerono, ambaye alikuwa ameshavuna mahindi. Nilikuwa nakuna nazi karibu na ua huo niliposikia sauti.

"Mama Ian. Kitunguu kinaungua."

Nilichungulia kati ya miiba. Absalom alikuwa amebeba kiti chake cha plastiki kutoka hemani, amezunguka boma lote, ameketi shambani kwa Jerono akiwa na tai shingoni.

"Umejuaje?"

"Niliisikia harufu kule hemani. Nimevumilia vitunguu viwili. Hiki cha tatu nimeshindwa. Ondoa kwa moto, mwaga, anza upya."

Niligeuka kumwambia mama, lakini mama alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa ameshavuta leso kichwani, akageuza mgongo kwa ua. Alinong'ona kwa sauti ambayo hata Kitale mjini wangeisikia.

"Mwambie mkwe arudi hemani akae. Ni aibu."

"Mama anasema urudi hemani."

"Nimesikia," alisema Absalom. "Mwambie mama namheshimu sana. Na mwambie wali usikorogwe."

"Mama, anasema wali usikorogwe."

"Mwambie mkwe wali nilianza kupika kabla hajazaliwa."

"Anasema..."

"Mwambie mama ni kweli. Lakini unashika chini. Achote wa juu, auweke sufuria nyingine, wa chini auache hivyo hivyo, asiukwaruze."

Mama alichukua mwiko, akaonja wa juu, akaonja wa chini. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyesomewa barua ya benki.

"Muulize mkwe," alisema polepole, "hiyo sufuria nyingine iko wapi."

Wanawake wote wakaangua kicheko, na Senge Phelista akapiga paja lake. Sufuria nyingine ilikuwa Webuye kando ya barabara.

Hapo Jerono mwenyewe akatokea shambani, mikono kiunoni. Ni mwanamke mrefu, mjane, na hana haraka.

"Nani huyu amekaa kwa shamba yangu na suti?"

"Ni mkwe wa Lenah," nilisema. "Ni mpishi wa meli."

"Na anapikia wapi?"

"Hapiki. Hawezi kuingia hapa."

Jerono alimwangalia Absalom, akaangalia moshi, akaangalia ua. "Nyinyi mko na sheria ngumu. Mimi niko na sufuria tatu za kanisa kwa nyumba. Niko na kuni. Mimi si mama mkwe wa mtu hapa."

Kila mtu alimgeukia Senge Phelista, kwa maana yeye ndiye aliyezijua sheria, na alizozisahau alizitunga. Alifikiri huku akisugua goti.

"Jiko ni la nani?" aliuliza. "Jiko ni la mwenye moto. Moto ukiwashwa kwa Jerono, jiko ni la Jerono. Mkwe akipika kwa Jerono, ametembelea jirani."

"Na nyama yangu?" mama aliuliza.

"Nyama haina mkwe. Ipitishe."

Ndivyo ng'ombe mzima, aliyekatwakatwa, alivyopita juu ya michongoma kwa mabeseni. Mikono yangu ilichanwa na miiba mpaka viwikoni. Upande wa pili Absalom alivua koti, akavua tai, Jerono akamfunga leso yake ya maua kiunoni. Akatazama kazi iliyokuwa mbele yake, akatazama hemani, akamwita Wakhungu.

"Shemeji, niletee wakwe."

"Wakwe gani?"

"Wote. Na wavue makoti."

Wakwe wanne walikuja wakidhani kuna mtu ameanguka. Mmoja alikuwa mwalimu mkuu, mmoja karani wa kaunti, wawili wafanyabiashara wa ng'ombe. Absalom aliwapanga kama timu ya mpira. Wewe nyama, vipande vya vidole viwili. Wewe vitunguu. Nyinyi wawili, unga wa chapati. Mwalimu mkuu alisema hajawahi kushika kisu cha jikoni tangu atahiriwe.

"Leo utashika," Absalom alisema. "Na nikikuambia kitu, jibu ni moja. Ndiyo, Shefu."

Walitazamana. Kisha karani wa kaunti, ambaye alikuwa amechoshwa na soda, akasimama wima. "Ndiyo, Shefu!"

"Sikusikia."

"NDIYO, SHEFU!"

Wanawake upande wa mama waliacha kazi wakabanana kwenye ua kuona. Wanaume watano wamekunja mikono ya mashati, mmoja analia kwa vitunguu, mwalimu mkuu anasukuma chapati yenye umbo la Uganda.

"Mwalimu, hiyo ni nini?" Jerono alimuuliza.

"Ni ya mtoto."

Na Absalom! Nilikuwa nimeolewa naye miaka kumi na saba na sikuwa nimewahi kumwona akifanya kazi. Nilikuwa nimekula chakula chake, ndiyo, lakini kazi yenyewe ilifanyika mbali. Alitembea kati ya mioto mitatu bila kukimbia. Alisikiliza sufuria kwa sikio. Alipitisha kijiko kwenye michongoma ili mama aonje, nami nikawa mtu wa kati.

"Mama anasema chumvi kidogo."

"Mwambie chumvi inakuja mwisho."

"Mama anasema ndivyo alivyofikiria."

Ilikuwa kama saa sita hivi. Nyama ilikuwa inaiva, wali ulikuwa unavuta, na mtoto wa jirani alikuja kusema malori yameonekana kule barabara kuu. Absalom alikuwa ameanza kuharakisha, nikaona ule uso wa dakika nne unarudi. Hapo mama akaniita pembeni. Alikuwa na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na kuku mzima, amekaangwa na kuchemshwa kidogo kidogo tangu asubuhi, na firigisi juu yake. Kuku wa mkwe. Katika hofu yote ile, yeye alikuwa amempika kwenye jiko lake dogo la makaa, bila kumwambia mtu, na hakuwa ameungua popote.

"Mpelekee," alisema. "Na umwambie akae."

Nilizunguka ua nikamwekea bakuli mbele yake. Absalom alishukuru kwa kuinama kuelekea ua. "Mwambie mama Mungu ambariki. Nitakula tukimaliza."

"Mama, anasema atakula akimaliza."

Mama hakunong'ona tena. "Mwambie mkwe hakuna mtu anapika kwa ajili ya nyumba hii na njaa. Akae. Kwa kiti. Hiyo chakula yote haitoki huko mpaka nione mifupa."

"Wageni wamefika, mama!" nilisema.

"Wageni wataimba. Watu wa mlima wanajua kuimba. Akae."

"Shefu," alisema karani wa kaunti kwa adabu, "nadhani huyo ndiye Kapteni."

Absalom alicheka. Akaketi kwenye kile kiti cha plastiki. Jerono akamletea maji ya kunawa, mwalimu mkuu akamshikia beseni. Akavunja paja, akaanza kula. Mwanzoni alikula haraka. Kisha akapunguza. Alishika firigisi akaigeuza akaitazama, kwa maana firigisi ni ya mwanamume mwenye nyumba na haipewi mtu hivi hivi, akaitafuna kwa muda mrefu akiwa amefumba macho. Mioto ilikuwa inawaka polepole, wakwe wanne wamekaa chini wakimzunguka, na upande wa pili wageni walikuwa wameanza wimbo.

Hapo simu yake ikalia. Ilikuwa mfukoni mwa koti, na koti lilikuwa mikononi mwangu. Nilitazama jina, nikatazama saa. Saa saba kasoro dakika kumi.

"Ni Kapteni," nilisema.

Mikono ya Absalom ilikuwa imejaa mchuzi. Aliinuka nusu, akaanza kuipangusa kwenye leso ya Jerono, na tayari midomo yake ilikuwa imeshatengeneza lile "Ndiyo". Nilimwona. Miaka minne yote ilikuwa kwenye ule mwinuko wa nusu.

"Nani huyo anapigia mkwe wangu simu akila?" mama aliuliza kutoka nyuma ya ua.

"Ni mkubwa wake wa kazi, mama."

"Hana mama mkwe?"

Wakwe wote walikuwa wakimtazama Absalom. Simu iliendelea kulia.

"Mwambie," mama alisema, na safari hii alisema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, "mkwe wangu anakula."

Absalom aliketi tena. Alinipa ishara kwa kidevu, nikabonyeza simu, nikaiweka sikioni mwake. Nilisikia sauti ya Kapteni, ya upole kama kawaida, ikisema familia nzima inamngoja, ikiuliza kama athibitishe ile tiketi.

"Kapteni," alisema Absalom. "Ninakula. Nitakupigia nikimaliza."

Kapteni alishangaa kule baharini. "Unakula? Sasa hivi?"

"Ndiyo, sasa hivi. Nimeketi."

Nikakata simu mimi, kwa kidole changu, kwa sababu chake kilikuwa na mchuzi. Mwalimu mkuu akapiga makofi mara moja, akaona aibu, akaacha. Absalom alichukua bawa. Alimaliza kuku yule kwa dakika arobaini. Nilizipima. Alipoinua bakuli lenye mifupa juu ya ua ili mama aone, wanawake walipiga vigelegele, na wageni kule mbele, wakidhani wameitwa, wakajibu kwa vigelegele vyao.

Walikuwa mia moja na sabini. Wote walikula. Mjomba wa Kipngeno, Mzee Rotich, aliomba wali na nyama mara tatu, na mara ya tatu akauliza hoteli hii iko wapi. Mwalimu mkuu alizunguka na ile chapati ya Uganda akiwaonyesha watu.

Saa kumi hivi Absalom aliketi juu ya kreti la soda shambani akampigia Kapteni. Nilikuwa kando yake. Alisema atarudi mwisho wa Januari kama walivyoandikiana. Akasema pia atahitaji msaidizi mmoja, na mshahara wa yule aliyemkabidhi visu. Aliyasema bila hasira, kama mtu anayesoma orodha ya soko.

Nilisikia Kapteni akisema, "Absalom, nilidhani wewe ni mtu wa familia."

"Familia yangu iko hapa, Kapteni. Imeshiba. Tunaosha vyombo."

Jumatatu ujumbe ulikuja kwamba nafasi yake imepata mtu mwingine, na wanamtakia heri. Aliusoma kwa sauti mlangoni mwa duka, akaniuliza kama kuna chai. Niliogopa. Sitadanganya kwamba Januari ilikuwa rahisi. Ada ya Ian tulilipa nusu, tukaomba msamaha kwa nusu. Lakini Februari Mzee Rotich alikuwa anaoza binti, akamtafuta mpishi wa nyuma ya ua. Wakwe wawili walikuja kumsaidia, mmoja kwa mapenzi na mwingine, nadhani, kwa ajili ya kusema "Ndiyo, Shefu". Kufikia Juni alikuwa amekodi chumba karibu na soko la Kitale, ameajiri Rosaline, msichana aliyejua mchuzi, na Jerono akaja na sufuria zake.

Alikuwa nasi miaka miwili na nusu. Alilala akiwa amejinyoosha kitanda kizima, mpaka mimi nikakosa nafasi. Alikuwa na sheria jikoni kwamba saa nane za kazi zikiisha mtu anavua aproni hata kama sufuria inalia, na yeye peke yake ndiye aliyeivunja, nami nilimgombeza. Kuna watu wanaosema meli ndiyo iliyomchosha moyo. Sijui. Daktari hakusema hivyo, na mimi sikuuliza.

Kwenye mazishi mama yangu alisimama mbali, nyuma ya wanawake wengine, amejifunika leso, kama inavyopaswa. Hakukaribia jeneza. Wakwe wanne ndio waliolibeba, na walipoliinua karani wa kaunti alisema kitu kwa sauti ya chini, na wale wengine watatu wakamjibu kwa maneno mawili. Walionisogelea waliniuliza wamesema nini. Nilisema sikusikia.

Jiko la Kitale bado liko. Rosaline ndiye mpishi mkuu sasa, Jerono anasimamia chapati, na mimi hufunga duka Jumanne na Ijumaa nikaenda kufanya manunuzi. Jumamosi hii tunapikia harusi huko Webuye, watu mia tatu, na gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.